Joto Lililoshuka Saa Mbili

Manasseh Obwocha alikuwa na majivuno ya saa. Mwaka 1966 alipomaliza shule ya ufundi Kisumu, alirudi kwao Magwagwa na cheti cha umeme mfukoni na saa ya mkononi yenye mkanda wa ngozi, na kuanzia siku hiyo alihesabu saa kwa Kiingereza. Bibi mmoja alimwuliza njiani ni saa ngapi, naye akatupa jicho mkononi akasema ni saa kumi. Bibi akageuka mbio kwenda kuingiza ng'ombe zizini, kumbe jua ndiyo kwanza linapanda na umande haujakauka. Kijijini walicheka wiki nzima. Manasseh hakucheka. Alisema aliyesoma hawezi kurudi nyuma kwa sababu ya ng'ombe.

Nawaambia hivi ili mjue ni mtu wa namna gani. Hakuwa mbaya. Alikuwa Msabato wa kweli, mkarimu, fundi hodari, ila alipenda kuwa sahihi kuliko alivyopenda kula.

Kufika mwaka 1973 alikuwa fundi wa umeme na vipimo katika kiwanda kidogo cha chai upande wa Ikonge. Kazi yake kubwa ilikuwa kipimajoto cha mashine ya kukaushia majani. Kilikuwa kijiti cha chuma kilichoingizwa ndani ya mashine kupitia tundu la ubavuni, na joto lilipaswa kukaa digrii mia mbili za Farenhaiti, mchana na usiku. Kila asubuhi, saa mbili kamili, Manasseh alikichomoa kile kijiti, akakifuta vumbi la chai kwa kitambaa, akakisugua kwa msasa, akakaza skrubu zake, akakirudisha. Ilimchukua robo saa. Hakuna aliyemwagiza. Ni yeye mwenyewe aliyejiwekea utaratibu huo, na hakuuvunja isipokuwa Jumamosi, siku ya Sabato, ambayo kiwanda kilimruhusu apumzike.

Zamu ya usiku kwenye tanuri ilikuwa ya shemeji yake, Momanyi, aliyemwoa dada yake Mong'ina. Huyu alikuwa Mkatoliki, mtu wa maneno machache na mabega mapana, na usiku kucha alitia kuni akikodolea macho kipimo cha kioo kilichofungwa mbele ya mashine. Msimu wa majani mengi kiwanda hakikulala, na Momanyi naye hakulala. Miaka minane alifanya kazi hiyo na hakuna chai iliyoungua wala kuchacha mikononi mwake.

Basi mwezi wa nne mwaka huo ikaletwa mashine ya kalamu. Fundi wa kutoka Nairobi aliifunga ukutani kwenye ujia ulio nyuma ya ofisi, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli. Waya mbili zilitoka kwenye kile kijiti cha joto, zikapita juu ya dari, zikaingia kwenye kasha. Joto likipanda, umeme mdogo sana unapita kwenye waya, na kalamu inapanda. Joto likishuka, kalamu inashuka. Kalamu ilichora mstari juu ya karatasi ya duara, pana kama chapati, iliyozunguka polepole mara moja kwa siku, na pembeni mwa karatasi ziliandikwa namba za saa, kuanzia 1 hadi 24.

Ufunguo alipewa mama Nyanchera, tarishi wa ofisi, mama wa makamo aliyefagia, kupika chai ya wakubwa na kupeleka barua. Kila asubuhi saa moja afungue kasha, atoe karatasi ya jana, aweke mpya. Yule fundi wa Nairobi alikuwa na haraka ya kuwahi gari. Alimwonyesha mara moja tu, akamwambia kwa Kiswahili chake cha mjini, "Ukishaweka karatasi, zungusha mpaka kalamu ikae kwenye saa ya wakati huo." Nyanchera akasema ameelewa. Na kweli alielewa.

Wiki tatu zikapita. Meneja, Bwana Nyangau, kijana aliyesomea Uingereza mambo ya viwanda, akamwita Manasseh ofisini. Mezani alikuwa ametandaza karatasi ishirini na moja.

"Angalia hapa," meneja alisema, akiweka kidole kwenye namba 2. "Na hapa. Na hapa. Joto linashuka hadi mia moja na kumi, robo saa, halafu linapanda tena. Kila usiku saa nane."

Manasseh aliinama. Ilikuwa vile vile. Mstari ulitambaa vizuri kwenye mia mbili, ukifika namba 2 ukatumbukia, kisha ukarudi. Karatasi tatu tu ndizo hazikuwa na shimo hilo, na zote tatu zilikuwa za Jumamosi.

"Huyo Momanyi analala," meneja alisema. "Usiku wa kuamkia Jumapili peke yake ndiyo anakaa macho. Sijui kwa nini, na sitaki kujua. Ijumaa hii namwachisha kazi."

"Bwana meneja, Momanyi hawezi kulala. Labda ni mashine."

"Basi nionyeshe ni mashine. Una mpaka Ijumaa. Lakini hilo kasha usiliguse. Wewe ni shemeji yake, watu watasema umepinda kalamu."

Manasseh alitoka ofisini. Dada yake alikuwa na watoto watano, na shamba la Momanyi lilikuwa kamba nyembamba ya ndizi juu ya mawe. Momanyi akimwaga unga, nyumba ile itakula nini? Na kama mashine ndiyo mbovu, ubovu gani huo unaojua saa, tena unaojua siku ya wiki?

Bahati ni kwamba yule fundi wa Nairobi aliacha kisanduku cha ishara. Kilikuwa na betri ndani, kitufe cha kuzungusha juu, na waya mbili. Unazifungua waya za kipimajoto, unafunga za kisanduku mahali pake, na kisanduku kinapeleka kwenye kalamu umeme mdogo ule ule ambao joto lingepeleka. Ukiweka kitufe kwenye mia moja, kalamu inadhani joto ni mia moja. Kwa maneno mengine ni kuidanganya mashine makusudi, ili ujue kama inadanganyika sawasawa.

Jumatatu, saa nne ya asubuhi, Manasseh alifunga kisanduku, akaweka digrii mia mbili na hamsini, akasubiri nusu saa akiangalia saa yake, akafungua. Akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wa shule: saa 10 hadi 10 na nusu, digrii 250.

Jumanne aliomba karatasi. Akaweka kidole kwenye 10. Mstari umenyooka, mia mbili, kama hakuna kitu kilichotokea duniani. Akaipeleka karatasi mlangoni kwenye mwanga. Hakuna. Nusu saa nzima aliyopeleka ishara ilikuwa imepotea. Halafu akaona, kule upande mwingine, kwenye namba 4, mstari umepanda mpaka mia mbili na hamsini, umekaa nusu saa, umeshuka.

Meneja aliiona pia. "Sasa huyu mtu anataka kuniunguzia chai," alisema. "Saa nane analala, saa kumi ya alfajiri anaamka kwa hofu, anajaza kuni. Umeona mwenyewe?"

Manasseh alikuwa ameona mwenyewe. Hilo ndilo lililomtia kiwewe. Alikuja kumtoa shemeji yake shimoni na sasa shimo limekuwa refu zaidi. Alitaka kusema kwamba hiyo mia mbili na hamsini inafanana na yake, lakini angesemaje? Alipeleka saa nne ya asubuhi, iweje ifike alfajiri ya siku ya pili, yeye akiwa kitandani? Ishara haiwezi kukaa njiani usiku kucha. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua.

Basi akakishuku kisanduku. Alikifungua, akapima betri kwa mita, mshale ukaruka vizuri. Akabadilisha betri hata hivyo. Akafuata waya juu ya dari kwa tumbo, akatoka huko na utando wa buibui kwenye nywele, na waya zilikuwa nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Akakaza skrubu ambazo zilikuwa zimekazwa. Alifika mahali pa kuuliza maswali ya kijinga, kama vile je, umeme unaweza kulala ndani ya waya ukatoka usiku, na akajikuta hana hakika ya jibu.

Mchana huo huo aliamua kupeleka ishara ambayo hakuna tanuri duniani linaloweza kuitoa. Mia moja kwa dakika tano, mia na hamsini kwa dakika tano, mia moja tena, mia na hamsini tena. Ngazi, kwa ufupi. Na kwa kuwa yeye amekatazwa kasha, alimwomba mama Nyanchera alifungue na kuangalia kalamu.

"Mama, utaniambia tu imefika wapi," alisema.

"Hiyo si kazi ngumu, fundi."

Saa nane ya mchana akazungusha kitufe. Kutoka kwenye ujia ikasikika sauti ya Nyanchera, "Imeanguka! Inakaa kwa mia moja!" Akazungusha tena. "Imepanda mia na hamsini!" Na tena, na tena, na kila mara kalamu ilikwenda pale pale ilipoamriwa. Manasseh aliandika yote. Saa 14, ngazi mbili, kalamu inatii.

Moyo wake ukashuka. Unaelewa kwa nini. Kama kisanduku ni kizima, waya ni nzima na kalamu inatii, basi mashine haina kosa. Na kama mashine haina kosa, mwenye kosa ni nani?

Jioni, kabla zamu ya usiku haijaanza, alipita kwa dada yake. Momanyi alikuwa nje akifunga kamba za viatu. Waliongea Ekegusii, kama ilivyo nyumbani.

"Umepima?" Momanyi aliuliza.

"Nimepima."

"Na?"

Hapa ndipo Manasseh angeweza kusema sijui. Ilikuwa kweli tupu, maana hakujua chochote. Lakini fundi wa cheti, mwenye saa mkononi, kusema sijui mbele ya mtu wa kuni ilimshinda.

"Mashine ni nzima, shemeji," alisema. "Kalamu inasema kweli."

Momanyi alinyanyua uso akamtazama. "Wewe umesomea," alisema. Akachukua chakula chake kilichofungwa kwenye jani la mgomba akaenda kazini.

Jumatano, karibu saa nne ya asubuhi, Manasseh alikuwa kwenye ujia na karatasi mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alifikiri ana wazimu. Kwenye 14 hapakuwa na ngazi. Mama Nyanchera aliziona kwa macho yake, alizitangaza kwa sauti, kiwanda kizima kilisikia, na karatasi inasema hazikuwepo. Ngazi zilikuwa kwenye namba 8. Mia moja, mia na hamsini, mia moja, mia na hamsini, safi kabisa, zimechorwa saa ambayo yeye alikuwa pale kwenye mashine ya kukaushia, akisugua kijiti chake kwa msasa.

Nyanchera alipita na ndoo. "Fundi, mbona umesimama hivyo?"

"Mama, jana tulipeleka ngazi saa ngapi?"

"Saa nane."

"Hazipo. Tazama, hazipo."

Nyanchera aliweka ndoo chini, akapangusa mkono kwenye kanga, akaweka kidole kwenye namba 8. "Si hizi hapa?" alisema. "Saa nane. Unaona? Nane." Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwanafunzi aliyefaulu zamani na sasa amesahau kusoma.

"Hiyo ni saa nane ya..." Manasseh alianza, akaitazama tena karatasi. "Mama, asubuhi ukibadilisha karatasi, unaweka kalamu wapi?"

"Kwa moja. Si ni saa moja?"

"Na ikifika usiku?"

"Kumi na mbili ikiisha, jua limezama, inaingia kumi na tatu, hiyo ni saa moja ya usiku. Inaendelea mpaka asubuhi. Imepangwa vizuri sana, hii karatasi. Aliyeitengeneza alikuwa na akili."

Na alikuwa amesema kweli yote. Saa za Mswahili zinahesabiwa tangu jua kuchomoza, na karatasi ile, ukiianza na moja ya asubuhi, inakubali bila kinyongo. Ni meneja na fundi tu, watu wawili waliosoma, ndio waliokuwa wakiisoma kwa saa za Kiingereza. Bibi yeyote wa Magwagwa angeiona ile mia mbili na hamsini siku ya kwanza. Ungemwambia ilipelekwa saa nne, angetazama nne.

Manasseh alianza kucheka. Kisha cheko likamkatikia mdomoni, kwa sababu kidole chake chenyewe kilikuwa kimeteleza hadi kwenye namba 2. Haikuwa saa nane ya usiku. Ilikuwa saa mbili ya asubuhi. Momanyi wakati huo ameshatoka zamu, yuko nyumbani. Nani yuko kwenye mashine saa mbili ya asubuhi, kila siku isipokuwa Sabato, robo saa kamili, ameshika kijiti cha joto nje ya tundu lake kwenye hewa baridi?

Alisikia joto la aibu likimpanda kutoka miguuni. Siku tatu alikuwa akitafuta kosa la usiku la mtu mwingine, wala hakuwahi kujiuliza hata mara moja kwa nini alama ya kazi yake mwenyewe ya asubuhi haionekani popote kwenye karatasi. Angeiuliza hiyo tu, mambo yangekwisha siku ile ile.

Aliingia kwa meneja bila kubisha mlango akaeleza yote, na sehemu yake hakuificha, nampa sifa kwa hilo. Bwana Nyangau alisikiliza, akainuka, akaenda kwenye ujia na saa yake mkononi, akamwambia Nyanchera afungue. Saa yake ilisema kumi na dakika ishirini. Kalamu ilikuwa imepita kidogo tu namba 4. Meneja alisimama hapo akikuna kidevu.

"Sasa nani alikosea?" aliuliza. Nyanchera alifunga kasha akarudi kwenye ndoo yake.

Ofisini meneja alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. "Aliniletea asubuhi hii alipotoka zamu," alisema. "Nilikuwa sijaamua nifanye nini nayo."

Ulikuwa mwandiko wa Momanyi, herufi kubwa, kalamu imekandamizwa. *Mimi Momanyi nakubali nilikuwa nalala kazini saa nane ya usiku. Naomba msamaha. Mimi ni baba ya watoto tano.*

"Mpelekee," meneja alisema. "Mwambie arudi usiku wa leo kama kawaida. Mwambie mimi pia namwomba radhi."

Manasseh aliteremka njia ya mashamba ya chai karibu akimbie. Alikuwa na habari njema mfukoni na hakuna wakati alioona mlima wa Ikonge mfupi kama siku hiyo. Alimkuta Mong'ina akianika mtama, uso umemvimba kwa kulia, naye Momanyi ameketi kwenye kigogo nyuma ya nyumba. Kwa kawaida saa hizo huwa anakoroma.

Alimweleza taratibu, kwa Ekegusii, tangu mwanzo mpaka mwisho. Saa ya Kiingereza na saa ya watu. Kijiti, msasa, Sabato. Akamwekea ile barua gotini. "Hukulala, shemeji. Hata siku moja. Ni mimi. Nisamehe."

Momanyi aliichukua barua, hakuifungua. "Kwa nini ulisema mashine ni nzima?"

"Ilikuwa nzima. Ila tuliisoma vibaya."

Upepo ulichezesha majani ya migomba, na Mong'ina aliacha mtama akaja kusimama karibu.

"Usiku wa jana," Momanyi alisema, "baada ya wewe kuniambia, nilikaa mbele ya moto nikajichunguza. Nikasema, kama kalamu inasema kweli, basi nalala macho wazi na sijui. Nikatafuta ndani ya kichwa changu mpaka nikaiona. Naikumbuka, Manasseh. Kichwa kinashuka, kuni inaniponyoka mkononi, halafu nazinduka. Hata ndoto naikumbuka, nilikuwa nimemwona marehemu mama."

"Lakini haikutokea. Nimekwambia ni saa mbili ya asubuhi."

"Nimesikia. Karatasi ilikosea, nimeelewa." Alikunja barua tena, ndogo zaidi, akaitia mfukoni. "Lakini mimi nililala."

Manasseh alimweleza upya, akachora duara chini kwa kijiti, akaandika namba zote ishirini na nne. Momanyi aliangalia mchoro kwa heshima hadi mwisho. Usiku huo hakwenda kazini, wala usiku uliofuata, na Jumatatu aliomba ahamishiwe mahali pa kupimia majani, mchana, ambapo ujira ni mdogo zaidi. Meneja alimkubalia. Miaka yote iliyobaki, kila walipokutana kwenye harusi au matanga, Manasseh alijaribu tena kumweleza, na Momanyi alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akasema asante, shemeji, wewe umesomea.